Kiti Kilichofunikwa Shuka

11 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba aliyeumia uti wa mgongo amepoteza miguu. Wakija kumjulia hali, macho yao hukimbilia magotini na midomo yao hukimbilia kutembea. Miguu ipo. Kilichopotea ni habari. Ndani ya uti wa mgongo mna kamba ya neva, nayo ndiyo njia inayoshusha amri na kupandisha taarifa: hapa pana moto, hapa pana msumari, hapa umekaa mno, sogea. Njia hiyo ikikatika, mguu unaweza kuungua huku mwenyewe anakusimulia hadithi na kucheka.

Nimefundisha baiolojia mpaka nikaota mvi, lakini sijawahi kulieleza somo hili mbele ya mwanafunzi aliyelala chali. Mwanafunzi wa leo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Watu wote humwita Fundi kwa sababu hutengeneza cherehani. Ametoka hospitali asubuhi, nami nimehamia kwake kwa msimu huu wa mvua ili nimsaidie mkewe.

Nilipomaliza kueleza, Fundi alinitazama kwa huruma.

"Shangazi, mbona unazunguka hivyo? Mkanda umekatika. Cherehani nzima, pedeli nzima, ila mwendo haufiki."

Nikampa maksi zote.

12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumesogeza kitanda, bati linavuja upande wa dirisha.

14 Machi

Niandike jinsi ilivyotokea, maana humu ndani hakuna anayeisema.

Aliyekuwa akiendesha ni ndugu yake, mzaliwa wa kwanza, ambaye ukoo mzima humwita Kaka Mkubwa. Fundi alikaa kiti cha nyuma, amepakata kichwa cha cherehani ya mteja kama mtoto mchanga. Mikanda ya nyuma ilikuwa imesokomezwa chini ya viti kwa sababu, alisema Kaka Mkubwa, mwenye gari, inakunja nguo za abiria. Manyunyu yalikuwa yameanza, barabara inateleza, mbele yao lori. Kaka Mkubwa akalipita kwenye kona. Gari likabiringika. Yeye alitoka na mchubuko sikioni.

Kisha wakaja watu wema. Mmoja alimshika Fundi kwapani, mwingine vifundo vya miguu, katikati akaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Wakamkunja wakamketisha katika gari jingine, wakakimbia naye. Daktari alituambia hakuna atakayejua kilichokatwa na gari ni kipi na kilichokatwa na wema ni kipi. Majeruhi wa ajali huachwa alipo, kichwa kikishikiliwa kisicheze, mpaka ubao na wenye kujua wafike. Labda kama gari linawaka moto. Lakini nani husimama kando akionekana hana huruma?

Sisi hatuna subira na mtu aliyelala. Lazima tumwinue.

16 Machi

Mkamwana wetu, mke wa Fundi, hupiga pasi katika duka kubwa la dobi karibu na soko. Sijamwona akilia hata mara moja. Simu yake inalia kila baada ya saa mbili, naye huinuka, humgeuza mumewe ubavu, huweka mto katikati ya magoti, hufunua shuka, hutazama, hufunika, huondoka. Hasemi pole, hasemi mpenzi. Kama anageuza shati kwenye meza ya pasi. Akienda kazini huniachia zamu kwa maneno machache: "Saa nne kushoto, Shangazi. Saa sita kulia."

Kaka Mkubwa, kinyume chake, hulia kila anapokuja. Leo amekaa pembeni ya kitanda akimsugua ndugu yake nyayo mpaka machozi yakamwishia kidevuni. Nimewaza moyoni: damu nzito kuliko maji.

18 Machi

Muuguzi wa hospitali amepita na kiti cha magurudumu, pamoja na mto mnene wa kukalia. Ametueleza vizuri, na kwa kuwa napenda kueleza, nilimsikiliza kwa wivu. Mfupa wa makalio, alisema, ni kama ncha ya kiwiko. Mtu mzima akikaa, nyama iliyo chini ya mfupa huo hubanwa, damu haipiti. Wewe na mimi hujisogeza bila kufikiri, hata tukiwa usingizini. Yeye hatasogea, kwa sababu hakuna kinachomwambia sogea. Nyama itakufa kimya kimya. Kwa hiyo: kitandani ageuzwe, kitini akalie mto huu na si kitu kingine, ajinyanyue kwa mikono mara kwa mara, na ngozi itazamwe kila siku.

"Miguu haitamuua," alisema muuguzi akifunga mkoba. "Kidonda ndicho kitakachomuua."

Fundi alikaa kitini kwa muda mfupi tu, akalizungusha gurudumu mbele na nyuma. Akaniuliza kama tuna mafuta ya cherehani. Bearingi ya kushoto, alisema, inakwaruza.

19 Machi

Kaka Mkubwa alifika na wageni, akakikuta kiti sebuleni.

"Hiki nani kakileta?"

"Hospitali," alijibu mkamwana.

"Kitoeni. Huo ni uchuro. Mkimzoesha kukaa kwenye magurudumu, miguu itasahau kazi."

Nikasema miguu haina kumbukumbu, kumbukumbu iko kwenye neva, na neva zenyewe ndizo zilizoumia. Akanishika mikono yote miwili.

"Shangazi, wewe ni msomi, hilo hatukatai. Lakini usimkatie tamaa mwanao."

Wageni wakanitazama kama mimi ndiye niliyeingiza jeneza. Kiti kikapelekwa stoo. Mtu mmoja akakifunika shuka jeupe. Nimepita hapo jioni; kimekaa mle gizani kama maiti inayosubiri wenyewe.

23 Machi

Jua kidogo. Nguo zimekauka.

27 Machi

Leo amekuja mshonaji mmoja mwenye mdomo kama mkasi, mteja wa Fundi wa siku nyingi. Ametua kichwa cha cherehani mlangoni, puu, hata salamu bado.

"Fundi! Mikono nayo imevunjika?"

"Mikono ipo, dada."

"Kichwa?"

"Kipo."

"Sasa umelala unangoja nini? Cherehani yangu inaruka mishono, wateja wamenigeuka. Yule uliyemwachia meza yako sokoni anajua kutoza tu, kutengeneza hajui."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Nikamwona akitazama mlango wa stoo. Mshonaji alipoondoka, mkamwana alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akaenda stoo, akavuta lile shuka. Tukamshusha Fundi kitini, mto chini yake. Akafungua kile kichwa, akakipuliza vumbi, akanusa kama mtu anusaye chakula. Kilikuwa na nyuzi zilizojisokota chini ya meno. Kila baada ya muda mkewe alisema "Juu!", naye hujinyanyua kwa mikono, hutulia, hushuka, huendelea.

"Kama jeshini," nilisema.

"Jeshini wanalipwa," alijibu Fundi.

Nilimtazama mkamwana akiwa amesimama nyuma ya kiti. Alikuwa anatabasamu, na nikatambua kwamba kila siku nilikuwa namsaka machozi machoni, nisiitazame mikono yake.

4 Aprili

Mvua. Mishumaa imelowa, kiberiti kimelowa. Kiti hutoka Kaka Mkubwa akiwa safarini, hurudi stoo akiwa mjini. Tumekuwa kama wapika pombe ya magendo.

10 Aprili

Mipango ya Fundi: arudi kwenye meza yake sokoni msimu ukiisha, barabara zikikauka. Cherehani za mkono na za umeme atazijaribu mwenyewe. Za pedeli atatafuta mtu wa kukanyaga. Amekwisha kupima kwa kamba upana wa njia kati ya meza yake na ya jirani, kwa kumtuma mshonaji. Kiti kinapita, nafasi ya vidole viwili inabaki.

Kizuizi ni ngazi tatu za mlango wetu. Mkamwana amemwita mwashi ajenge mteremko wa saruji.

13 Aprili

Mwashi alikuwa ameshapanga mawe. Kaka Mkubwa akashuka garini, akasimama kwenye mvua bila mwavuli.

"Unajenga nini?"

"Mteremko, mzee. Wa kiti."

"Unajenga kaburi la miguu ya ndugu yangu. Bomoa."

Mwashi alinitazama, akamtazama mkamwana. Nikasema, "Endelea, baba." Kaka Mkubwa akainama, akaanza kuyatupa mawe mwenyewe, moja moja, suti imemganda mgongoni. Hukuweza kumwita mwovu. Alikuwa analia. Lakini mawe yaliondoka.

Kutoka chumbani Fundi aliita, "Kaka! Hayo mawe yamekukosea nini?" Jiwe jingine likaruka.

21 Aprili

Bati limezibwa. Limeanza kuvuja pengine.

28 Aprili

Naondoka kesho kwenda kufanyiwa jicho, mtoto wa jicho amekomaa na nafasi kwa daktari nimeingoja tangu mwaka jana. Nimemwachia mkamwana zamu zote. Kaka Mkubwa anaandaa siku ya shukrani, watu waje wamwone ndugu yake na kumwombea. Nimemwambia: "Walete, lakini aketi kwenye kiti chake." Amesema, "Shangazi, nenda salama."

Kumbe hilo halikuwa jibu.

6 Mei

Daraja lilifunikwa na maji, nimechelewa kurudi. Nina kitambaa jichoni, naandika kwa jicho moja. Hilo moja limeona vya kutosha.

Siku ya shukrani ilifanyika bila mimi. Nimeipata kutoka kwa mkamwana, kwa vipande, kama mtu anayetoa miiba.

Kaka Mkubwa alileta kiti cha marehemu baba yao: kile cha mbao ngumu, chenye mikono iliyochongwa. Wakamketisha Fundi humo, suruali iliyopigwa pasi, viatu vya ngozi, mgongo umefungwa kwa kanga kwenye egemeo ili asidondoke, na koti juu ili kanga isionekane. Mto wa hospitali ulibaki stoo na kiti chake, chini ya shuka. Watu walijaa mpaka uani. Kila aliyeingia alisema, "Ameketi! Angalia alivyoketi kama baba yake!" Wazee walizungumza, wakaomba, wakaimba, wakala. Aliketi hivyo tangu asubuhi hadi jua linakaribia kuzama.

"Simu yangu ilikuwa inalia jikoni," alisema mkamwana. "Nilikwenda mara ya kwanza. Nikamwambia shemeji, ni wakati ainuliwe. Akasema, 'Usimwaibishe mume wako mbele ya watu.' Nikaenda tena. Wanawake wakanishika mkono, wakaniambia, mwali, acha wanaume wafurahi. Mara ya tatu nikampigia Fundi ishara kutoka mlangoni." Akaukunja ukingo wa kitenge kidoleni. "Alitikisa kichwa. Kidogo tu. Alisema hapana."

Kisha akanipeleka chumbani, akafunua shuka.

Hapa nieleze, kwa sababu vitabu vyetu vingi vilichorwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu usitafute wekundu. Tafuta doa lililokolea weusi kuliko sehemu nyingine, lenye zambarau kidogo, lenye joto ukiweka kiganja, gumu au tepetepe kuliko jirani zake, na ambalo haliondoki ukilibonyeza. Fundi alikuwa nayo mawili, chini ya mifupa miwili ya makalio. Ukubwa wa kifungo cha koti. Watu hutazama kifungo wakadhani tatizo ni kifungo. Kidonda hiki huanzia mfupani na kupanda. Uonapo doa juu, chini nyumba imekwisha kuungua.

Nilimuuliza Fundi, "Mwanangu, ulijua. Mbona ulitikisa kichwa?"

Alitazama ukuta.

"Shangazi, tangu ajali watu huniongelesha wameinama. Siku ile waliniongelesha wamenyooka. Saa zile nilikuwa mtu."



7 Mei

Mvua haikatiki.

11 Mei

Doa la kulia limepasuka. Ndani kuna shimo, kidole kinaingia. Harufu.

12 Mei

Harufu imezidi. Mkamwana haendi kazini. Amemlaza kifudifudi, anasafisha, anatazama. Bado hajalia. Sitarajii tena, machozi yana wakati wake, na yeye hana wakati.

15 Mei

Homa, kutetemeka, maneno yasiyoshikana. Anatuambia tumfungie mkanda wa cherehani, mteja anangoja. Tumempeleka hospitali, safari hii kwa ubao, mimi nimekaa sakafuni mwa gari nimeshikilia kichwa chake ingawa shingo yake haina tatizo lolote. Mkono ulitaka kazi.

24 Mei

Wamemkata mara mbili nyama iliyokufa. Usaha ulifika mfupani. Damu iliingia sumu. Kwa siku kadhaa hatukujua kama ataishi. Leo amefungua macho, akaomba maji, akauliza kama cherehani ya mshonaji ilikwisha chukuliwa. Atapona homa. Hilo ndilo tulilopewa kushukuru.

29 Mei

Kaka Mkubwa na mimi tumekaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi. Hakuleta wageni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, kwa mpangilio, kama somo. Yeye akaanza.

"Shangazi, kila nikikiona kile kiti, naona usukani mikononi mwangu."

"Najua."

"Akisimama, nitakuwa sikufanya kitu."

"Najua hilo pia, mwanangu. Umemnyima kiti ili wewe upate usingizi."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Angekuwa mwanafunzi wangu, ningemwekea mkono begani. Niliuacha mkono wangu mapajani. Sijivunii, wala sijutii. Machi nilimwona kuwa ndiye mwenye upendo ndani ya nyumba ile. Alikuwa nao kweli, tele, lakini ulikuwa wa kuangaliwa. Na upendo wa kuangaliwa hauna mikono.

8 Juni

Daktari wa upasuaji ametuita, mimi na mkamwana. Alichora kwenye karatasi. Mfupa wa kukalia umeliwa, sehemu imekatwa, nyama ya kufunika imehamishwa kutoka pajani. Ngozi ile ni ya kushonewa, haitakuwa imara kama ya kwanza. Kwa miezi kadhaa atalala kifudifudi. Baadaye, ikishika, ataruhusiwa kukaa muda mfupi, wa kula chakula na kunawa, basi arudi kulala.

Mkamwana aliuliza swali moja. "Kukaa kutwa nzima, mezani, kazini?"

"Hapana, mama. Hiyo haipo tena."

Tulitoka nje. Pale penye mfereji wa maji ya mvua, mkamwana alisimama akashika ukuta, akalia. Alilia kwa sauti, watu wakageuka. Mume alipopoteza kusimama hakulia. Alilia alipopoteza kukaa. Alikuwa anajua tangu mwanzo kipi chenye thamani.

17 Juni

Tumerudi nyumbani. Mlangoni tumekuta mteremko wa saruji, laini, una ukingo pande zote mbili, umechorwa mistari ili magurudumu yasiteleze. Kaka Mkubwa ameujenga yeye na mwashi tulipokuwa hospitali. Alisimama kando akisubiri niseme neno.

Ni mteremko mzuri. Tulimpitisha Fundi juu yake akiwa amelala kifudifudi kwenye ubao, uso chini. Aliukagua ulivyokuwa ukipita chini ya pua yake.

"Kazi safi, Kaka," alisema. "Kuku watafurahi."

18 Juni

Mshonaji amekuja. Hakutua kitu mlangoni safari hii. Amesema meza ya sokoni amepewa mtu mwingine, moja kwa moja. Fundi akasema sawa. Akageuza uso upande wa ukuta, kitu pekee anachoweza kukigeuza mwenyewe siku hizi.

22 Juni

Mvua imekatika. Barabara zimekauka, ndio wakati tuliopanga.

Kesho narudi kwangu. Daftari hili namwachia mkamwana, si kwa sababu hajui somo, bali awape wageni walisome huku wakingoja chai. Wanaendelea kuja. Jana mmoja aliingia, akaviangalia viguu vilivyokonda, akafumba macho akaanza kuombea magoti. Gari lilimnyang'anya kusimama. Sisi, tuliompenda, tumemnyang'anya kukaa.

Ewe unayesoma, huenda nawe nyumbani kwako kuna mtu aliyelala baada ya ajali, na mioyo yenu yote iko miguuni kwake. Sikuzuii kuomba. Lakini leo, kabla hujamwombea, mgeuze.